Kilemba cha Magurudumu Matatu

Mliokuwa nami wiki iliyopita mliniacha forodhani, jua linachoma, mkono wangu uko juu ya usukani wa pikipiki ya Kitaliani, na kinywa changu kimeshasema maneno mawili ambayo laiti ningeyameza.

Kwa yule ambaye gazeti lake lilifungiwa samaki kabla hajalisoma, nampa kwa ufupi. Mimi ni Badawi, fundi wa mashine wa Shimanzi, mgane tangu mwaka wa 1944. Mke wangu Mwanakuu alikufa kwa homa katika hospitali nisiyoitaja jina. Dawa ilikuwamo kabatini, ufunguo ulikuwamo mfukoni mwa bwana mkubwa, na bwana mkubwa alikuwa kwenye mpira. Mpaka leo nikisikia funguo zikilia mfukoni mwa mtu, mate hunikauka.

Mwanakuu aliniachia mtoto mmoja, Mwanaesha. Nikamwoza Jamaldin, kijana wa papa hapa Mji wa Kale, aliyekuwa na nduguze wakifanya biashara ya nguo Bukavu, Kongo ya Wabelgiji. Mwaka huu ninaousimulia, 1947, Jamaldin akafa kwa ajali ya lori. Mwanangu akaketi eda ugenini, nyumbani kwa shemejiye Aidarus, nami nikapata habari kwamba eda ikiisha hawatamwachia arudi kwetu. Wataka kumwoza mmoja wao, ili mali ya marehemu isitoke nje.

Nikaapa nitakwenda kumchukua mwenyewe. Lakini treni yaishia Kampala. Kutoka hapo ni kungoja malori, na lori laweza kukuweka mwezi mzima. Nikataka pikipiki yenye kigari ubavuni, mwanangu aketi ndani arudi nami kwa heshima. Hapa kwetu sikuipata. Zile za jeshi zilizobaki vitani wakubwa waligawana wao kwa wao. Nikaipata Mogadishu, kwa mkono wa Sheikhan, mchuuzi wa vitu vilivyoachwa na Wataliani, jamaa wa mbali wa hao hao akina Jamaldin. Akaja nayo kwa meli, akaniuzia nusu ya bei. Na pale forodhani akaita watu wawili wasimame, kisha akaniambia, "Ami, sema umepokea na umeridhika."

Nikasema, "Nimepokea, nimeridhika." Tena kwa sauti.

Basi tuliisukuma mpaka kwangu, mimi na Baya. Baya ni Mgiriama, fundi mwenzangu. Tulifanya kazi pamoja vita vizima katika karakana ya jeshi, tukaachishwa pamoja siku vita vilipokwisha, bila hata ahsante. Mtaa wangu wa Ndia Kuu wote ulitoka nje kutazama. Wauza vitu vya shaba waliacha kupiga nyundo.

"Fundi," Baya akaniambia, anahema, "hiki chombo chajua Kiswahili?"

"Kitafundishwa."

"Na kikikataa?"

"Kitapigwa teke, kama sisi tulivyofundishwa Kiingereza."

Akacheka mpaka kigari kikamponyoka kikagonga ngazi ya msikiti. Mzee mmoja akatulaani.

Mlangoni tulimkuta Bi Swabaha, mama yake marehemu mke wangu. Ni yeye mwenye nyumba, na ni yeye anayenipikia tangu bintiye alipokufa, ingawa kila sahani hunipa na neno lake. Siku hiyo alisimama na chetezo mkononi, makaa mekundu, ubani wafuka.

"Hakiingii humu," akasema. "Hakijasomewa. Kimekaliwa na makafiri wa Kitaliani, kimekwenda vitani, kimeua watu. Kifukizwe kwanza."

"Mama, ngoja nikifute vumbi..."

Hakungoja. Aliinama akapitisha chetezo chini ya tangi, na tangi lile lilikuwa likivuja petroli tone baada ya tone tangu forodhani.

Baya alipiga ukelele nisiousahau. Akaruka, akamshika Bi Swabaha mkono, jambo ambalo katika maisha yake yote hakuna mwanamume asiye maharimu wake aliyelifanya.

"We Baya! Wanishika?"

"Bibi, nisipokushika tutazikwa sote leo, nawe utazikwa karibu yangu!"

Bi Swabaha akauvuta mkono wake. Kisha akasema, "Basi kishike chetezo wewe, usimame pale mbali, upepee moshi uje huku. Mimi nitasoma."

Na hivyo ndivyo ilivyofanyika. Baya, asiyejua hata alifu, alisimama upande wa pili wa ndia anapepea ubani kwa kofia yake, na Bi Swabaha anaizunguka pikipiki mara saba anaisomea. Watoto wanapiga makofi. Mimi niko chini naziba tangi kwa sabuni ya kufulia.

Sikucheka. Ukutani mwa chumba changu nilikuwa nimechora mistari ya makaa, mmoja kwa kila siku ya eda ya Mwanaesha. Miezi minne na siku kumi. Kila siku nafuta mmoja; ukitoa wa siku hiyo, ilikuwa imebaki mistari thelathini na minane. Safari niliikadiria siku kumi na mbili. Nilikuwa na nafasi, nikajidanganya. Hata hivyo nilikuwa siketi. Nikila nasimama. Nikilala miguu yanikanyaga klachi.

Asubuhi nilikwenda kutafuta kibali cha kuvuka mipaka. Ofisi yenyewe siitaji; wenye kujua watajua. Nilifika wa kwanza, nikaitwa wa mwisho. Bwana wa vibali, Mzungu mmoja mwenye shingo nyekundu, hakuninyanyulia uso. Alisema na karani, na karani akasema nami. Karani huyo, Masha, ni mtoto wa Rabai niliyemtengenezea baiskeli yake mara ngapi sijui. Siku hiyo hakunijua.

"Bwana yuwauliza, wenda Kongo kufanya nini?"

"Kumchukua mwanangu."

Wakasemezana.

"Bwana yuwauliza, kwa nini kwa pikipiki? Treni ipo."

"Mwambie treni haifiki."

"Siwezi kumwambia hivyo."

"Kwa nini, na ni kweli?"

Masha akajikuna sikio. Akamwambia Mzungu maneno marefu kuliko yangu. Mzungu akanitazama sasa, mara ya kwanza, akatazama mikono yangu yenye grisi isiyotoka hata kwa mchanga. Akauliza kitu, akatabasamu.

"Yuwauliza pikipiki umeiiba wapi."

Nikatoa karatasi za Mogadishu. Za Kitaliani, hakuna aliyeweza kuzisoma. Akazigeuza juu chini, akazipiga muhuri mmoja hivi, akazitia ndani ya saraka.

"Rudi baada ya siku ishirini na moja," Masha akasema.

"Masha. Mwanangu hana siku hizo."

Akainama kana kwamba ameangusha kalamu. Huko chini ndiko alikonijua. "Fundi," akaninong'oneza, "hapa hata mtu anayekufa huambiwa arudi baada ya ishirini na moja. Nenda. Ukigombana atazifanya arubaini."

Nilitoka nikatembea mpaka Feri bila kujua naenda Feri. Nikasimama pale penye wauza machungwa, nikageuka, nikarudi kwa miguu mpaka Shimanzi. Ishirini na moja na kumi na mbili ni thelathini na tatu. Mistari yangu thelathini na minane. Nilikuwa bado na siku tano mkononi. Nilizihesabu kwa vidole kama mtu mwenye mali.

Shimanzi nikamkuta Baya ananitafuta. Mbio zimemtoa jasho.

"Fundi, kuna barua yako. Imeletwa na dereva wa malori ya kahawa, ametoka nayo Uganda. Yeye kapewa na dereva mwingine huko mpakani. Amesema mwenye kuipeleka ameambiwa asimpe mtu mwingine ila wewe."

Ilikuwa imekunjwa ndogo kama hirizi. Hati ya Mwanaesha. Skuli ya Kizungu sikwenda, lakini herufi za chuoni, za Kiarabu, nazisoma, polepole, kidole chini ya kila neno. Nilikaa juu ya tairi bovu nikaisoma.

Baada ya salamu na kunililia, alisema hivi. Barua zake zote hupita mkononi mwa Aidarus, ndiyo maana zilikuja zimejaa "sote wazima". Hii alimpa mwanamke anayewaletea maziwa. Kisha akaniandikia jambo ambalo kwa kuona haya hakuliandika tangu mwanzo:

*Baba, mimi nina mimba. Ni mwezi wa tisa huu. Mkunga yuwasema sitaumaliza. Ndoa wamepanga kuisoma siku ya saba baada ya kujifungua, pamoja na kumchinjia mtoto akika. Mume ni nani siambiwi, naambiwa ni wa ukoo wao basi. Baba, usimpe mtu yeyote neno lako. Bila ya neno lako hawawezi.*

Nikaisoma mara ya pili. Nikatazama tarehe.

Ilikuwa ya wiki tatu nyuma.

"Yasemaje?" Baya akauliza.

"Mwanaesha ni mjamzito."

"Ah! Si utapata mjukuu? Mbona wageuka rangi?"

Baya ni mtu wa imani yake, hajui mambo yetu. Nikamwacha pale, nikakimbia, mimi mtu wa miaka hamsini na mbili, kutoka Shimanzi mpaka kwangu. Nilimkuta Bi Swabaha anapepeta mchele. Nikamwambia.

Ungo ukamwanguka.

"Mwenye mimba eda yake ni kuzaa," akasema. "Hana miezi minne huyo, hana siku kumi. Hata angezaa mumewe hajaoshwa, ametoka edani. Badawi! Huenda ametoka saa hizi tunazosema!"

Niliingia chumbani nikatazama mistari yangu. Thelathini na minane, imenyooka vizuri, kazi ya fundi. Nikaifuta kwa kiganja, ukuta wote ukawa mweusi, na kiganja pia.

"Amesema nisimpe mtu neno," nikamwambia Bi Swabaha. "Hilo angalau nimelishika. Sijampa mtu neno."

Hapo ndipo tuliposikia hodi.

Ni Sheikhan. Kanzu imepigwa pasi, koti jeusi, udi wanukia mpaka ndani. Ni mtu wa miaka kama thelathini na tano, mpole wa sauti, mwenye kuangalia chini akisema na mkubwa wake. Nyuma yake wale watu wawili wa forodhani, na mmoja wao amebeba sinia la halua limefunikwa kitambaa.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Hilo sinia ni la nini?"

"Halua kidogo. Ya furaha."

"Furaha gani iliyoingia nyumba hii?"

Akaketi barazani bila kukaribishwa, lakini kwa adabu, kiasi kwamba ukimwinua ni wewe utakayeonekana huna adabu. Majirani walikuwa wameshaanza kusogea. Ndia Kuu haina siri; mtu akipiga chafya mwanzo wa mtaa, mwisho wa mtaa wamwombea rehema.

"Ami," akasema, "watu wa Bukavu wanakusalimu. Watafurahi mno kusikia ulivyopokea."

"Nilivyopokea nini?"

"Kilemba chako."

Nikacheka. Wallahi nilicheka. "Kilemba gani? Mimi nimenunua pikipiki."

"Umenunua nusu yake, ami. Nusu ya pili ni kilemba. Ulifikiri nani akupunguzie nusu nzima, katika wakati huu wa tabu?"

Wasomaji wa bara huenda hawajui. Kwetu, anayeposa humpa baba kilemba chake, haki ya baba anayeoza. Si nguo siku hizi, ni kitu chochote cha thamani. Akikipokea mbele ya mashahidi amekubali posa. Akikirudisha baadaye, watu hawatasema baba kabadili nia. Watasema binti ana ila, ndiyo maana mambo yamevunjika. Hilo neno humfuata msichana mpaka kaburini.

"Kuposa ndani ya eda ni haramu!" nikapiga kelele.

"Haramu kabisa," Sheikhan akaitikia, mkono kifuani. "Nani kaposa, ami? Mimi nimeuza pikipiki. Hili la kilemba nalisema leo, na leo, kwa uwezo wa Mungu, huenda mtoto ameshazaliwa."

Alijua. Alijua mimba kabla yangu mimi babaake!

Nikawageukia wale wawili. "Nyinyi! Mlisikia nikisema habari za ndoa?"

Yule wa sinia akatazama sinia lake. Mwenziwe akasema, "Fundi, sisi tulisikia 'Nimepokea, nimeridhika.' Tena ulisema kwa sauti, hata kuli mmoja akageuka."

"Tumeshatia sahihi," akaongeza yule wa sinia, kwa sauti ndogo.

"Mmetia sahihi wapi?"

"Waraka umekwenda jana," Sheikhan akasema. "Kwa posta ya ndege. Utafika kwa Aidarus kabla ya Ijumaa."

Bi Swabaha alitoka na upawa. Sisemi zaidi, ila halua ile ilikula mchanga, na mbeba sinia alikwenda na alama ya upawa shingoni kwa siku nyingi.

"Mwana wa haramu!" akamwambia Sheikhan. "Mwamnunua mjukuu wangu kwa chuma kibovu kinachovuja!"

"Bibi, kitanzi ninakiona kikinijia, nami sikukosa," Sheikhan akasema, bado anaangalia chini. "Mimi ni mjumbe."

Nilisimama nikiwa na haja ya kukipiga kile chombo kwa nyundo mpaka kiwe sufuria. Nikashika usukani. "Chukua. Chukua pikipiki yako. Mashahidi ni watu wote hawa. Sikupokea!"

Hakuinuka.

"Naweza kuichukua, ami. Lakini utakwenda na nini? Waraka uko njiani. Ukifika na wewe hupo kuukana, ndoa itasomwa siku ya saba, na watasema baba ameridhika, maneno yake haya hapa. Wewe utakuwa wapi? Kampala, waulizia lori?"

Baya alikuwa ameshafika, amesimama nyuma ya watu. Akasema kwa nguvu, "Twende na pikipiki hiyo hiyo, Fundi! Petroli ninayo, usiniulize imetoka wapi."

"Kibali sina," nikamjibu. "Siku ishirini na moja."

Hapo Sheikhan akatia mkono ndani ya koti, akatoa karatasi iliyokunjwa vizuri, ina mihuri mitatu.

"Mimi ninacho," akasema. "Nimekipata Mogadishu, kwa mabwana wa jeshi. Mchuuzi Sheikhan na dereva wake mmoja, kwa pikipiki, Kenya, Uganda, mpaka Kongo. Ila mimi sijui kuendesha, ami."

Mnaona Serikali ilivyo! Baba amwombaye mwanawe huambiwa angoje. Mchuuzi wa vyuma vya Wataliani hupewa mihuri mitatu. Na wala sijui alimpa nani nini.

Nikamtazama. Nikawaza upesi, nikawaza vibaya, lakini mwenye moto kichwani huwaza hivyo hivyo. Huyu ni mjumbe tu, nikasema moyoni. Mwenye shauri, na bila shaka mwenye kuoa, ni Aidarus. Nitamtumia huyu kuvuka mipaka yote. Nikifika Bukavu nitasimama mbele ya Aidarus na mbele ya sheikh wao, nitasema kwa kinywa changu kwamba sikuoza. Maneno ya baba aliyesimama yana nguvu kuliko waraka.

"Ingia," nikamwambia.

"Ingia wapi?"

"Kigarini. Wewe mleta kilemba, twende ukaone kinavyorudishwa."

Nilitazamia atasita. Atasema ana kazi, ana ndugu wa kuaga. Hakusita. Alimpigia mluzi mtoto wa jirani, na mtoto akaja na mkoba wake. Ulikuwa umefungwa tayari, umewekwa dukani nyumba ya tatu.

Hilo lingenizindua. Halikunizindua. Nilikuwa nimeshainama natia plagi.

Bi Swabaha aliniletea mkate wa mofa na chupa ya maji, akasimama mlangoni ameinua msahafu kwa mikono miwili. Nikapita chini yake mara tatu, kama ipasavyo msafiri. Sheikhan akainama naye apite. Bi Swabaha akaushusha.

"Wewe pita kando."

Akapita kando.

Kisha akanishika bega, yule mama asiyewahi kunigusa tangu bintiye alipozikwa. "Badawi. Mwanakuu ulimpoteza ukingoja watu wakubwa. Huyu usingoje."

Nilipiga teke la kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu kile chombo kikanguruma, kuku wa mtaa mzima wakaruka madarini, na Baya akapiga vigelegele kama mwanamke.

Tulipita Shimanzi katikati ya malori, Sheikhan ameketi chini ubavuni mwangu, mkoba mapajani, mkono umeshika kofia. Mimi nilikuwa nawaza vituo vya petroli. Voi. Nairobi. Naivasha. Tangi halikuvuja. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita miguu yangu ilitulia.

Makupa, pale kisiwa kinapokwishia, askari akainua mkono.

Alikuwa askari mrefu, wa bara, mwenye kusoma kila herufi ya kila karatasi kwa sababu ametoka kujifunza kusoma. Akakishika kibali kwa ncha za vidole.

"Hakuna haja ya yote, bwana askari," Sheikhan akasema haraka. "Tazama mihuri tu."

"Nisome nisisome, mshahara wangu ni ule ule," askari akajibu. "Kwa hivyo nitasoma."

Akasoma. Midomo yamchezacheza. Nyuma yetu lori moja likapiga honi, kisha mawili. Mimi nawasha na kuzima taa kwa kukosa subira.

"Sheikhan, mchuuzi," askari akasema, akitupa Kiswahili chake. "Sawa. Dereva mmoja. Sawa. Wenda Kongo. Sawa. Sababu ya safari..." Akasogeza karatasi karibu na macho. Kisha uso wake ukafunguka, akacheka meno yote nje.

"Kwenda kuoa! Haya! Hongera, bwana harusi! Bibi harusi yuko Kongo kote huko? Na huyu mzee nd'o dereva wako tu, ama ni jamaa?"

Sikumtazama askari. Nilitazama chini, ubavuni mwangu.

Sheikhan alikuwa ametazama juu. Mara ya kwanza tangu nimjue, aliniangalia usoni.

"Aidarus," nikasema. "Si ni Aidarus anayeoa?"

"Aidarus ana wanne tayari, mkwe wangu," akasema taratibu. "Wa nne alimwoa mwaka jana. Atamweka wapi wa tano?"

Malori yalikuwa yakipiga honi yote sasa. Kuli mmoja alinitukana mama kutoka juu ya magunia. Askari akanirudishia karatasi, akainua kizuizi. "Pita, mzee, pita! Wanizuilia njia!"

"Mwanaesha ajua kwamba ni wewe?" nikauliza.

Akageuza uso akatazama maji. "Atajua tukifika."

Mwanangu hakujua. Hakuna aliyemwambia, wala hakuna aliyemuuliza. Na kibali cha kumfikia ni cha huyu, na chombo cha kumfikia kimeletwa na huyu, na nikimshusha hapa nitarudishwa kwenye mpaka wa kwanza.

Nikatia gia.

Njia ni ya siku kumi na mbili. Kuna mteremko wa Bonde la Ufa, kuna ukungu wa Kabale, kuna mahali pa siku nzima bila kumwona mtu. Na kwa siku zote hizo yeye ataketi kule chini kigarini, na usukani ninao mimi.